Carlos wa Pili, Mfalme Mnyonge wa Hispania

Wasomaji wetu wamezoea kusoma habari za wafalme hodari, walioteka miji, wakajenga makanisa na kuacha majina yao juu ya ramani ya dunia. Leo twapenda kuwasimulia habari za mfalme wa namna nyingine: mtu ambaye hakuongoza jeshi hata siku moja, hakuanzisha mji, hakuacha mtoto, na ambaye watu walimpa jina la El Hechizado, maana yake Aliyelogwa. Huyu ndiye Carlos wa Pili wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1661 akafariki mwaka 1700, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Habsburg kukikalia kiti cha enzi cha Madrid. Vitabu vingi humtaja kwa mistari michache, na mara nyingi mistari hiyo ni ya dhihaka. Sisi twaona kwamba dhihaka hiyo imeangukia mtu asiyestahili.

Ili kumwelewa hatuna budi kuanza na waliomtangulia. Ukoo wa Habsburg uliipata Hispania kwa njia ya ndoa, wala si kwa upanga. Na kilichopatikana kwa ndoa waliogopa kukipoteza kwa ndoa. Binti wa mfalme akiolewa na mgeni, watoto wake wataweza siku moja kudai urithi. Dawa waliyoiona ni kuoana wao kwa wao, wale wa Madrid na wale wa Vienna, kizazi baada ya kizazi. Felipe wa Pili, yule ambaye chini ya utawala wake Hispania na Ureno zilikuwa na mfalme mmoja, na ambaye katika siku zake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, alimwoa mwaka 1570 Anna wa Austria, binti wa dada yake mwenyewe. Twamwomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Mjomba alimwoa mpwa wake. Mwana wao, Felipe wa Tatu, alioa tena katika ukoo huo huo. Kisha mjukuu, Felipe wa Nne, akafanya kama babu yake alivyofanya: mwaka 1649, akiwa na umri wa miaka 44, alimwoa Mariana wa Austria, binti wa dada yake, msichana wa miaka 14, ambaye hapo kwanza alikuwa amechumbiwa na mwanawe mwenyewe, Baltasar Carlos, aliyefariki mwaka 1646.

Katika ndoa hiyo ya mjomba na mpwa alizaliwa Carlos. Hesabu ya udugu wake inachosha kichwa. Mama yake mzazi alikuwa pia binamu yake. Bibi yake mzaa mama alikuwa pia shangazi yake. Felipe wa Tatu alikuwa babu yake kwa upande wa baba, na kwa upande wa mama alikuwa baba wa bibi yake. Wala mambo hayakukoma hapo, maana dada yake Carlos, Margarita, yule mtoto mwenye nywele za dhahabu aliyechorwa na Velázquez katikati ya picha yake mashuhuri, aliolewa mwaka 1666 na Kaisari Leopold wa Vienna, ndugu wa mama yake. Mjomba tena, kwa mara ya tatu. Kila mzee wa vijiji vyetu, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe mfuasi wa mila za wahenga, angalikataza jambo hili kabla hata ya kuulizwa mahari.

Hapo hatupaswi kujificha. Kanisa lilikuwa na sheria zilizokataza ndoa za ndugu wa karibu namna hii, na sheria zile zilijulikana vizuri sana Madrid na Vienna. Lakini wafalme waliomba Roma ruhusa ya pekee, na ruhusa ikatolewa. Sheria ilikuwa na hekima kuliko wale walioomba kuondolewa chini yake. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, nchini Hispania kwenyewe, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya ndoa za ukoo huu, kizazi kwa kizazi. Waliona kwamba udugu wa damu uliokutana ndani ya Carlos ulikuwa sawa na ule wa mtoto aliyezaliwa na kaka na dada wa tumbo moja. Hata uliupita kidogo. Udhaifu wake, basi, ulianza kuandaliwa miaka mia moja kabla hajazaliwa, na ulitiwa sahihi na watu wenye akili timamu.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1661. Siku tano kabla yake, tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, kaka yake Felipe Próspero, aliyekuwa mrithi, alikuwa amefariki hajatimiza miaka minne. Hivyo Carlos aliingia duniani katika nyumba iliyokuwa bado na msiba, na macho yote yakamgeukia. Watangazaji wa serikali waliusifu uzuri wake na afya yake. Mabalozi wa nchi za nje waliandika mengine kwa mabwana zao. Mtoto alinyonyeshwa mpaka alipokaribia miaka minne. Alichelewa kutembea na kusema. Alibebwa mikononi katika umri ambao wenzake walikuwa wakikimbia. Taya la chini la ukoo wake, lililojulikana Ulaya nzima, kwake lilitokeza mno hata meno ya juu na ya chini hayakukutana, asiweze kutafuna chakula sawasawa. Kwa kuogopa kumchosha, walimu wake walimwacha bila mafunzo, naye alikua akiwa na elimu ndogo mno kwa mtu wa cheo chake. Twadhani kosa hili la pili lilimdhuru pengine kuliko lile la kwanza, maana mwili dhaifu hauzuii mtu kufundishwa.

Baba yake alifariki tarehe 17 Septemba 1665. Mtoto asiyetimiza miaka minne akawa mfalme wa Hispania, wa Napoli na Sisilia, wa Milano, wa nchi za chini za kaskazini ambazo leo ni Ubelgiji, wa Meksiko na Peru na visiwa vya Ufilipino. Ureno peke yake ilikuwa imeasi tangu mwaka 1640, na mwaka 1668 Madrid ilikubali uhuru wake kwa mkataba wa Lisbon. Kwa hiyo Ngome ya Yesu ilipozingirwa na watu wa Oman na kuanguka mwishoni mwa mwaka 1698, hasara ile haikuwa tena ya Carlos.

Utawala ulishikwa na mama yake akisaidiwa na baraza la wakubwa. Mariana alikuwa mwanamke mcha Mungu, mkaidi, mgeni katika nchi, tena asiyemwamini mtu. Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, padre muungamishi wake, Juan Everardo Nithard, Myesuiti kutoka Austria. Alimwingiza katika baraza, na mwaka 1666 akamfanya mkuu wa Inkwizisio. Nithard hakuwa mwovu, wala hakujitajirisha. Lakini padre aliyeitwa kuongoza roho moja alijikuta akiendesha vita na kodi za milki nzima, kazi ambayo hakuandaliwa. Wakubwa wa Hispania walimchukia. Kiongozi wao alikuwa Don Juan José, mwana wa Felipe wa Nne aliyezaliwa nje ya ndoa kwa mwigizaji mmoja wa michezo, mtu shujaa, mwenye kupendwa na watu na mwenye kiu ya madaraka. Mwezi Februari 1669 alikaribia Madrid akiwa na askari, na malkia akalazimika kumwondoa Nithard. Padre huyo alikwenda Roma, akafanywa kardinali mwaka 1672. Baada yake malkia alimtegemea Fernando de Valenzuela, kijana aliyepanda haraka kwa kumpasha malkia habari na kuwapangia watu wa ikulu michezo na ngoma.

Sasa tufikie siku ambayo, kwa maoni yetu, yaeleza maisha yote ya Carlos. Tarehe 6 Novemba 1675 alitimiza miaka 14, na kwa wosia wa baba yake alikuwa sasa ahesabiwe mtu mzima. Kwa siri alikuwa ameweka sahihi barua ya kumwita Don Juan, ili nduguye huyo amsaidie kutawala badala ya mama. Don Juan alikuja, akapokewa ikuluni, watu barabarani wakamshangilia. Kisha mfalme alikwenda kanisani kuimba utenzi wa shukrani, na baada ya hapo akaingia chumbani kwa mama yake. Walikaa humo muda mrefu, wao wawili peke yao. Mlango ulipofunguliwa, kijana alitoka macho yakiwa mekundu kwa machozi, na Don Juan akaamriwa kuondoka. Hakuna ajuaye kwa hakika maneno aliyoambiwa, lakini ni mzazi gani asiyeweza kuyakisia? Mtoto asiyekuwa na baba, asiyejua kitabu, asiyekuwa na rafiki wa umri wake, alitakiwa kuchagua kati ya nchi na mama.

Mwaka uliofuata wakubwa waliungana dhidi ya Valenzuela, na mwezi Januari 1677 Don Juan aliingia Madrid kwa nguvu. Valenzuela alikimbilia monasteri ya El Escorial, makaburi ya wafalme yalipo, akitumaini kwamba heshima ya mahali patakatifu itamkinga. Askari waliingia kwa nguvu wakaipekua nyumba ya Mungu mpaka wakamkamata. Akapelekwa uhamishoni Ufilipino. Mkuu wa monasteri aliwatenga na Kanisa waliofanya tendo hilo, na Papa alidai malipizi. Tutaona baadaye malipizi hayo yalikuwa nini. Mariana naye alipelekwa Toledo, asimwone mwanawe kwa zaidi ya miaka miwili. Mambo hayakwenda vema kwa Don Juan. Mavuno yalikuwa mabaya, tauni iliingia kusini, na mwaka 1678, katika mkataba wa Nijmegen, jimbo la Franche-Comté lilichukuliwa na Ufaransa. Alifariki tarehe 17 Septemba 1679, siku ile ile aliyofariki baba yake miaka 14 kabla. Carlos aliondoka mara akaenda Toledo kumchukua mama yake, nao wakakumbatiana wakilia.

Mwaka huo huo alioa. Bibi arusi alikuwa Marie Louise wa Orléans, msichana wa miaka 17, mpwa wa Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, yaani mtoto wa ndugu wa adui mkubwa wa Hispania. Carlos alikuwa amependa picha yake kabla hajamwona, akasafiri mpaka kijiji kidogo cha Quintanapalla, karibu na Burgos, kumlaki, nao wakafunga ndoa hapo mwezi Novemba. Ndoa ilikuwa ya siasa, lakini upendo wa mfalme ulikuwa wa kweli. Katika hili mashahidi wote hupatana. Malkia alikuwa mchangamfu, mpenda farasi, amezoea ikulu za Paris, naye aliwekwa katika nyumba ya giza yenye kanuni kwa kila hatua. Miaka ilipita bila mtoto. Mitaani Madrid walitunga mashairi ya kumsuta, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Twawajua wanawake wengi, hata katika parokia zetu, waliobeba lawama ya namna hiyo kimya kimya. Alifariki tarehe 12 Februari 1689, baada ya maumivu makali ya tumbo ya siku chache, akiwa hajatimiza miaka 27. Watu walinong'ona habari za sumu. Siku hizi wengi hudhani ulikuwa ugonjwa wa tumbo tu. Mfalme hakupona huzuni ile. Yasimuliwa kwamba miaka kumi baadaye alishuka makaburini El Escorial, akaamuru majeneza ya jamaa yake yafunguliwe, na alipouona mwili wa Marie Louise akatoka mbio akilia.

Utawala wake nao haukuwa giza tupu kama wengi wasemavyo. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1680 aliketi tangu asubuhi mpaka usiku katika uwanja mkubwa wa Madrid akishuhudia hukumu za Inkwizisio, ambazo ziliwapeleka baadhi ya watu motoni. Na jambo hili, ambalo watu wa siku zile walilihesabu kuwa ibada, halituletei fahari. Lakini mawaziri wake, Duke wa Medinaceli na baadaye bwana wa Oropesa, walifanya kazi ambayo wafalme wenye nguvu walikuwa wameikwepa. Sarafu ya shaba ya Hispania ilikuwa imeharibiwa na serikali zenyewe kwa miaka mingi, hata bei za vitu hazikujulikana leo na kesho. Mwaka 1680 thamani yake ilipunguzwa kwa nguvu. Wenye akiba walipata hasara kubwa, na kwa muda biashara ilikaribia kusimama, lakini baada ya sarafu ya fedha kurekebishwa mwaka 1686 bei zilitulia. Mwaka 1681 zilichapwa sheria zote za nchi za Amerika zikiwa zimekusanywa pamoja, na ndani yake zile zilizokusudiwa kuwalinda Wahindi wa huko. Mwaka 1682 ilitangazwa kwamba mtu wa ukoo wa kibwana akiwa na kiwanda cha nguo hapotezi heshima yake. Carlos hakuyabuni haya. Aliyaacha yafanyike, na kwa mfalme asiyeweza kutawala hilo si dogo.

Na imani yake je? Hapa hatuoni dalili ya unyonge. Tarehe 20 Januari 1685 alikuwa akitembea ndani ya gari lake nje kidogo ya mji wa Madrid, akakutana na padre aliyekuwa akienda kwa miguu kumpelekea mgonjwa Sakramenti Takatifu. Mfalme alishuka, akampandisha padre katika gari la kifalme, naye akafuata akitembea mpaka kwa mgonjwa. Tena alitimiza yale malipizi. Katika El Escorial ilikuwa ikitunzwa hostia iliyotoka mji wa Gorkum huko Uholanzi, ambako mwaka 1572 askari walikuwa wameikanyaga. Kwa ajili yake Carlos aliamuru altare mpya ijengwe ndani ya sakristia, na mwaka 1684 hostia ikapelekwa kwa maandamano. Claudio Coello alianza kuichora siku hiyo, kazi iliyomchukua mpaka mwaka 1690.

Muda mfupi baada ya Marie Louise kuzikwa, wakubwa walikuwa tayari wakijadili malkia mwingine, maana mrithi alitakiwa. Alichaguliwa Mariana wa Neuburg, kutoka ukoo wa Kijerumani uliosifika kwa kuzaa watoto wengi. Ndoa ilifungwa Valladolid mwezi Mei 1690. Hakuzaa naye. Alikuwa na hasira, akipenda kupata na kuwapa watu wake wa Ujerumani, na ugomvi wake na mama mkwe uliigawa ikulu. Mariana mzee alifariki kwa saratani ya titi mwezi Mei 1696. Tangu hapo mfalme, ambaye maisha yake yote alikuwa mwana wa mtu, alibaki akivutwa na mke, na makardinali, na mabalozi. Naye afya yake ilizidi kuanguka. Alianguka kifafa, miguu ilivimba, nywele zilinyonyoka. Mwaka 1697 Wafaransa waliuteka mji wa Barcelona, wakaurudisha miezi michache baadaye kwa amani ya Ryswick, si kwa wema, bali kwa sababu Louis alikuwa akitazama windo kubwa zaidi.

Ndipo lilipotokea jambo la aibu, ambalo gazeti la Kikatoliki halina ruhusa ya kulipamba. Mfalme mwenyewe alikwisha anza kuamini kwamba amelogwa. Padre muungamishi wake mpya, Froilán Díaz, Mdominiko, akishirikiana na mkuu wa Inkwizisio, Rocaberti, alitafuta habari kwa padre mmoja wa Cangas, katika jimbo la Asturias, aliyekuwa akipunga pepo wa watawa wanawake. Wakamtuma awaulize pepo hao juu ya ugonjwa wa mfalme! Jibu lililoletwa lilisema kwamba Carlos alilogwa akiwa na miaka 14, kwa kikombe cha chokoleti. Kisha akaja Mkapuchini mmoja kutoka Savoy, akamsomea mfalme sala za kufukuza pepo kwa sauti kubwa, na mgonjwa akatetemeka kwa hofu. Mapadre wale walisahau kwamba Ibilisi ni baba wa uongo, na kwamba Mkristo hamfanyi shahidi. Haki ilipatikana kwa sehemu: Díaz alikamatwa na Inkwizisio yenyewe, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1704. Lakini mgonjwa aliyekuwa akihitaji faraja alikuwa amekwisha kujazwa hofu. Hapakuwa na chokoleti yenye uchawi. Palikuwa na ndoa za wajomba na wapwa.

Wakati huo wafalme wa Ulaya walikuwa wakigawana mali ya mtu aliye hai. Mwezi Oktoba 1698 Louis wa Ufaransa na William wa Tatu wa Uingereza na Uholanzi walipatana namna ya kuikata milki ya Hispania vipande vipande, bila kumwuliza mwenyewe. Habari zilipofika Madrid, Carlos alikasirika, na hasira ile ilimpa nguvu. Mwezi Novemba alimtaja mrithi mmoja wa milki nzima: Joseph Ferdinand wa Bavaria, mtoto wa miaka sita, mjukuu wa dada yake Margarita. Uchaguzi ulikuwa mzuri, maana mtoto huyo hakuwa wa Paris wala wa Vienna. Mwezi Februari 1699 mtoto alifariki ghafula mjini Brussels. Mwezi Aprili mkate ulipanda bei, watu wa Madrid wakafanya fujo, na Oropesa akaondolewa kazini. Mwaka 1700 wale wafalme wawili walitangaza mgawanyo mwingine.

Sasa walibaki wadai wawili: Karl, mwana wa pili wa Kaisari Leopold, na Philippe wa Anjou, mjukuu wa Louis na wa María Teresa, dada wa Carlos kwa mama mwingine. María Teresa alipoolewa mwaka 1660 alikuwa ameapa kuacha haki yake ya urithi, kwa masharti ya mahari ya sarafu za dhahabu 500,000 ambayo Hispania haikulipa kamwe. Moyo wa Carlos ulikuwa kwa Vienna. Huko ndiko ukoo wake ulikokuwa. Huko ndiko mke wake alikokuwa akimsukuma usiku na mchana. Ufaransa ilikuwa imemnyang'anya miji na majimbo tangu utoto wake. Lakini washauri wake wengi, na kwanza Kardinali Portocarrero, Askofu Mkuu wa Toledo, walimwambia wazi kwamba Kaisari hana merikebu wala nguvu ya kuilinda milki isigawanywe. Mwenye nguvu hiyo ni Louis peke yake. Mfalme alisitasita. Aliandika kwa Papa Innocent wa Kumi na Mbili kuomba shauri, na Papa, baada ya kuwauliza makardinali wachache, alijibu kwamba mjukuu wa Ufaransa ndiye afaaye.

Mwanzoni mwa Oktoba 1700, amelala kitandani, akiwa amekwisha kupokea sakramenti za mwisho, Carlos aliweka sahihi wosia wake. Milki yote, isiyogawanywa, alimpa Philippe wa Anjou. Kama asipokubali, apewe ndugu yake mdogo. Kama naye asipokubali, apewe Karl wa Austria. Taji la Hispania na la Ufaransa visivaliwe kamwe na mtu mmoja. Maneno haya yalikuwa ya akili: Louis akikataa sehemu yoyote, zote zitakwenda kwa adui yake. Mtu aliyeitwa mjinga aliwashinda hapo wafalme wawili waliokuwa wakimgawa. Wako wasemao kwamba Portocarrero alimwongoza mkono. Sisi twaona kwamba, mkono uongozwe au usiongozwe, aliyelipa gharama ni yeye: alimkana mke wake, ukoo wake na chuki ya maisha yake yote, ili nchi aliyokabidhiwa isikatwe. Kijana yule wa 1675 hakuweza kutoka chumbani kwa mama yake na neno lake mwenyewe. Mtu huyu wa 1700 aliweza.

Alifariki tarehe 1 Novemba 1700, Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ya kifo cha nduguye Felipe Próspero, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 39. Wosia uliposomwa, bwana mmoja wa Hispania, Duke wa Abrantes, alitoka akamkumbatia balozi wa Kaisari kwa bashasha, na balozi akadhani ameshinda, kumbe alikuwa akiagwa. Louis aliukubali wosia. Vita vilianza mwaka uliofuata, vikaendelea mpaka mwaka 1714. Uingereza ikaitwaa Gibraltar mwaka 1704, na Napoli, Milano na nchi za chini zikaenda kwa Austria. Hivyo ombi la marehemu lilitimizwa kwa sehemu tu. Lakini Hispania yenyewe na nchi zake za ng'ambo zilibaki mkono mmoja, na ukoo wa kijana yule wa Anjou, ijapokuwa uliondolewa mara kadhaa, umekikalia kiti cha Madrid hata siku zetu hizi.

Carlos amezikwa El Escorial pamoja na baba zake. Picha ya Coello ingali katika sakristia, mbele ya hostia ya Gorkum, na katika sikukuu chache huteremshwa kama pazia ili waamini waiabudu Sakramenti iliyo nyuma yake. Siku nyingine zote waingiao humo humwona mfalme mwenye uso mweupe na taya refu, amepiga magoti, mshumaa mkononi.